Wanaume mliobadilishiwa nyonga, tendo la ndoa mlirudia lini? Mimi mwezi wa tatu huu mambo yamegoma

#1 MzeeWaGungu
Wakuu habari za saa hizi. Niko Kigoma hapa Gungu, umri umeshavuka hamsini na tano. Nyonga ya kulia ilinitesa miaka na miaka, mwisho ikawa hata kuvaa soksi mpaka nisaidiwe, nikaenda Dar wakanibadilishia wakaweka ya bandia. Kutembea natembea vizuri tu sasa hivi, fimbo nashika kwa ajili ya bodaboda wa huku hawana adabu wakiona mtu na fimbo angalau wanapunguza mwendo. Shida yangu ni usiku. Mwanzo niliogopa nikakaa kimya, baadaye nikajaribu mashine haikusimama kabisa, siku nyingine ikasimama nusu ikalala. Mke wangu naye kahamia chumba cha watoto anasema asije akaivunja nyonga ya watu.

Hospitali walinipa karatasi ya vitu vya kutofanya. Usichuchumae, usikunje nne, usikae kiti kifupi, usiiname kuokota kitu chini. Hilo jambo lingine halimo. Siku ya kliniki nilijipanga niulize, naingia nakuta daktari ni binti sawa na mwanangu wa tatu, nikamwambia namshukuru Mungu naendelea vizuri, nikatoka.

Sasa nauliza walionitangulia. Ni ile sindano ya ganzi ya mgongo ndio imeharibu? Au wakati wanakata waligusa mshipa wa huko? Na mnalalaje? Utani mwingi sitaki, hii ni ndoa yangu.

#2 Pitapita
Pole mzee. Ngoja wajuzi waje, mimi niko siti ya mbele.

#3 Mchuzi wa Migebuka
Sindano ya mgongo hiyo mzee wala usihangaike. Hapa Katubuka kuna jamaa alichomwa akifanyiwa operesheni ya ngiri mpaka leo anasingizia kazi nyingi. Nenda Kibirizi pale boti zinaposhusha, ulizia vumbi la Kongo, ile dawa ya nguvu za kiume, nusu kijiko kwenye uji. Utarudi hapa kutoa shukrani.

#4 Mama Wawili
#3 acha kupotosha watu. Nimefanya wodi ya wazazi miaka mingi kabla sijastaafu, sindano hiyohiyo ya mgongo ndio wanachomwa wakinamama wanaojifungua kwa operesheni, ganzi inaisha masaa machache miguu inarudi na kila kitu kinarudi, na mwaka unaofuata namuona mtu yuleyule kliniki na tumbo lingine. Kama ingekuwa inaua hisia za huko chini nusu ya Kigoma isingezaliwa.

#5 Mchuzi wa Migebuka
Shkamoo mama. Ila hao ni wanawake, mwanaume mfumo wake ni mwingine, yeye lazima kitu kisimame.

#6 Nyuki Dume
Salaam kutoka Tabora. Mzee mimi ninayo ya kushoto mwaka wa nne huu. Sikusubiri ruhusa ya mtu, nilisubiri wiki sita kwa sababu jamaa tuliyelazwa naye chumba kimoja alinong'onezwa na nesi wa kiume kwamba wiki sita, na mimi nikachukua hapohapo bure. Kusimama sikupata shida hata siku moja. Shida niliyopata ilikuwa kitanda. Kitanda chetu kilikuwa kile cha chini cha kisasa, unakaa magoti yanakuja kifuani, na nyonga mpya haitaki hiyo kitu kabisa. Na kuhusu kulala, lala chali mzee, mama afanye kazi. Umefanya kazi miaka thelathini, pumzika.

#7 Pitapita
"Mama afanye kazi" 😂😂 wazee wa Tabora mna raha zenu

#8 Mtu wa Mazoezi
Nimeona uzi huu nikasema nisipite. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi, niko hukuhuku magharibi. Mzee swali lako tunaulizwa sana ila linaulizwa mwishoni kabisa, mtu ameshashika kitasa cha mlango ndio anageuka "halafu daktari kuna kajambo". Ungemuuliza yule binti angekujibu, wamesomea.

Kwanza niambie kovu lako liko wapi. Kuna madaktari wanaopasua kwa nyuma, kovu linakaa upande wa tako, na kuna wanaopasua kwa mbele, kovu liko kwenye paja kwa mbele. Hii ni muhimu kwa sababu makatazo yake yanapishana. Aliyepasuliwa nyuma hatakiwi kukunja nyonga kupita pembe ya mraba, yaani goti lisipande juu kuliko kiuno, hatakiwi kupitisha ule mguu upande wa pili wa mwili, na vidole vya mguu visigeukie ndani. Wa mbele yeye hatakiwi kuupeleka mguu nyuma sana wala kugeuza vidole nje kwa nguvu. Ukivunja hayo mapema kichwa cha nyonga kinachomoka kwenye kikombe chake, kwa sababu misuli na ule utando unaokizunguka bado havijashika. Ndio maana wengi wanasema subiri wiki sita, wengine mpaka kumi na mbili, inategemea daktari wako alivyokuta mambo huko ndani.

Kuhusu mlalo #6 kasema kweli, chali ndio rahisi kuliko yote kwa mwanaume. Mto mdogo chini ya goti la mguu wa operesheni, vidole vinaangalia juu. Ukitaka ubavu, lalia ule mzima na weka mto kati ya magoti ili wa juu usidondoke ndani. Kuwa juu nako kunawezekana baadaye maumivu yakiisha, ilimradi hukalii visigino, maana ukipiga magoti na kukalia visigino hapo nyonga inaweza kukunjwa kupita kiasi. Kufanya mkiwa mmesimama wima nako hakuna shida. Wataalamu wa Geneva kule Uswisi walitoa utafiti 2014, walipima mikao kwa kamera na picha za MRI wakaona mwenye hatari kubwa ya chuma kugongana ni mwanamke mwenye nyonga bandia kwa jinsi anavyokunja na kutanua mapaja. Kwa mwanaume hatari ni ndogo.

Kwa hiyo mlalo sio kesi kubwa kwako. Mashine kusimama ndio kesi, na hiyo nyonga yenyewe haihusiki moja kwa moja.

#9 MzeeWaGungu
Asanteni sana. Kovu liko nyuma, kwenye tako. Dawa natumia za presha miaka mingi, na ya maumivu bado nameza moja usiku, tramadoli, nikiikosa silali.

#10 Pitapita
Hahaaa tumefika

#11 Daktari wa Kijiwe
Hapo #9 umejijibu mwenyewe mzee. Tramadoli ni familia ya afyuni, ukiimeza muda mrefu inashusha homoni ya kiume, hamu inakwenda, na hata hamu ikiwepo safari inakuwa ndefu haifiki. Mwezi wa tatu bado unaimeza kila usiku? Hiyo ilitakiwa iwe ya wiki za mwanzo. Ila usiache ghafla kama umeimeza mfululizo, mwili unaweza kukusumbua, nenda wakupunguzie taratibu. Na hizo za presha ni zipi? Kama ni atenololi au zile za kukojoza za kundi la thiazidi, hizo zinajulikana kupunguza nguvu. Zipo nyingine za presha zisizo na tabia hiyo, unaomba kubadilishiwa.

#12 Mama Wawili
Na asije akaacha za presha kwa sababu kasoma hapa. Nimeona watu wamepooza kwa ujanja huo.

#13 Nyuki Dume
#11 mbona mimi nilimeza tramadoli na niko kwenye atenololi tangu enzi za Mkapa na mambo yalikuwa sawa? Tusimtishe mzee. Mimi naona ni woga. Mwanaume akishaanza kuwaza "itavunjika, itavunjika" huko chini kunapata taarifa kwamba leo hakuna kikao.

#14 Tofali Bichi
Mimi nitasema ukweli mchungu. Hivi vitu vya bandia vimeanza juzi miaka ya tisini huko Afrika Kusini, bado ni majaribio. Kinakaa miaka kumi basi. Na ukikitumia kitandani kinalika haraka. Mzee chagua moja, kutembea au hayo mengine.

#15 Msafiri wa Reli
#14 hiyo chai haina hata sukari. Nyonga ya bandia ya mtindo huu wa leo aliianzisha Mwingereza John Charnley hospitali ya Wrightington mwaka 1962, kichwa cha chuma kwenye kikombe cha plastiki ngumu. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilitoa hesabu zilizokusanya maelfu ya wagonjwa, karibu nyonga sita katika kumi zinafikisha miaka 25. Kinachomaliza nyonga ni uzito mkubwa, kuanguka, kubeba magunia na usaha ukiingia, sijui umesoma wapi kwamba mke wa mtu anamaliza plastiki.

#16 Tofali Bichi
Lancet ni ya wazungu, wao hawabebi magunia. Nasimama na nilichosema. Babu yangu Kasulu aliwekewa chuma miaka sita kikaanza kulegea.

#17 Mtu wa Mazoezi
#16 huyo babu alivunjika shingo ya paja kwa kuanguka, sio? Basi uwezekano mkubwa aliwekewa nusu nyonga. Ile wanabadilisha kichwa tu, kikombe kinabaki cha kwake cha asili, na chuma kinasaga gegedu taratibu. Ni kitu kingine na hiki cha #1. Huku kwetu nusu nyonga ni nyingi kwa wazee kwa sababu ya gharama ndio maana sifa mbaya zinachanganywa.

#18 Tofali Bichi
Aliteleza chooni ndio. Sasa wewe umejuaje

#19 Kijana wa Urambo
Jamani nyonga sio za wazee tu. Mimi nina thelathini na moja, selimundu tangu kuzaliwa, kichwa cha paja kilikufa kwa kukosa damu nikawekewa bandia. Wodini tulikuwa vijana kadhaa, mmoja alimeza vidonge vya predinisoloni miaka na miaka kwa ajili ya pumu, mwingine pombe tu, gongo na wanzuki kila siku ya Mungu, wote nyonga zimekufa vilevile.

Kwangu shida iligeuka upande wa pili. Watu wa selimundu tunapata ile ya kusimama yenyewe na kukataa kulala, inauma balaa wala hakuna raha yoyote, na ikipita masaa manne ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo kwa sababu nyama za ndani zinakufa na baada ya hapo unaweza usisimame tena maisha. Mimi ilinitokea mara kadhaa nikiwa kijana mdogo, nikaona aibu kumwambia mama, nikawa namwagia maji baridi. Sasa hivi nguvu sio kama zamani na nina mke mchanga. Kwa hiyo #3 akisema vumbi la Kongo mimi nywele zinasimama. Mtu mwenye selimundu akilamba hicho kitu hujui atafikia wapi.

#20 Mchuzi wa Migebuka
Pole mdogo wangu. Ila wewe ni kesi maalumu, vumbi ni mizizi tupu, wazee wa ng'ambo wanatumia tangu enzi.

#21 Daktari wa Kijiwe
Mizizi tupu nani kakuhakikishia? FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imeshatoa maonyo mengi tu kuhusu dawa zinazoitwa za asili za nguvu za kiume zikikutwa ndani zimechanganywa sildenafili, ile dawa ya Viagra, bila kuandikwa popote. Sasa mzee ana presha, akiwa na ugonjwa wa moyo pia na anatumia zile dawa za nitrati za maumivu ya kifua, zikikutana na sildenafili presha inaporomoka anazimika palepale. Halafu mtamzika mtasema nyonga. Kama ni kutumia, bora aandikiwe na daktari anayejua dawa zake zote na dozi inajulikana.

#22 Ustaadh wa Kijiweni
Mbona hakuna aliyegusa kwamba mzee amefungwa? Unakwenda Dar unakaa muda wote huo, nguo zako ziko nyumbani, watu wanajua una pesa ya operesheni. Kigoma hii. Nitumie ujumbe pembeni.

#23 Pitapita
Nilikuwa najiuliza mbona amechelewa 😂

#24 MzeeWaGungu
#22 nimezaliwa Kigoma nimezeekea Kigoma, kama ni kufungwa ningefungwa zamani nilipokuwa na duka. Tuendelee.

Ila #13 kuna kitu umesema. Siku ile ya kwanza nilikuwa nasikiliza nyonga kuliko nilivyokuwa namsikiliza mama. Ilitoa mlio, ka! Nikaganda. Na yeye akaganda. Tukabaki tunaangaliana.

#25 Nyuki Dume
Hahahaha mzee samahani nimecheka mpaka kahawa imemwagika. Huo mlio hata mimi ulinitokea mwanzoni, ukaisha wenyewe.

#26 Mtu wa Mazoezi
Mlio mdogo bila maumivu mara nyingi ni kano zinapita juu ya mfupa au misuli bado dhaifu. Mwambie daktari kliniki lakini usikose usingizi. Ile ya kuogopa ni hii: maumivu makali ghafla, mguu unakuwa mfupi kuliko mwenzake, umegeuka, kukanyaga huwezi. Hapo nyonga imechomoka, unabebwa ulivyo mpaka hospitali. Na asiitwe mkandaji avute. Naomba nirudie kwa ajili ya watu wa vijijini, mkandaji asivute.

#27 Bi Mdogo wa Ujiji
Nimesoma yote nimevumilia sasa niseme ya upande wetu. Mume wangu alibadilishwa nyonga mwaka juzi. Sisi tuko wawili. Alipotoka hospitali alipelekwa kwa bi mkubwa kwa sababu kule kuna choo cha kukaa, kwangu ni cha kuchuchumaa. Hakuna aliyeniuliza. Zamu yangu ikawa inapita hivihivi, wiki, mwezi, nikiuliza naambiwa nyonga. Nyonga imekuwa jibu la kila kitu. Nikanunua kiti cha plastiki nikampa fundi akakitoboa katikati na kukiwekea mbao pembeni za kushika, nikakiweka juu ya shimo, nikatuma ujumbe: choo kipo. Akaja.

Ninachotaka kusema kwa #1, mkeo hajahama kwa kuogopa chuma peke yake. Mimi nilikuwa naogopa yes, lakini zaidi nilikuwa nimemuogesha, nimemvalisha soksi, nimemshika akijisaidia, miezi. Ukishamuuguza mtu hivyo unamuona mgonjwa. Na yeye anakuona nesi. Kurudi kuwa mume na mke hakuji kwa kupanda kitandani tu. Sisi ilianza kwa kunywa chai pamoja nje jioni na yeye kuvaa kanzu safi na mafuta kidogo, sio ile fulana ya wodini kila siku.

#28 Mama Wawili
Dada umesema yote. Hiyo fulana ya wodini wanaume wanaipenda sijui kwa nini.

#29 Mchuzi wa Migebuka
"Choo kipo." Huu ujumbe ungenifikia mimi ningekimbia na magongo

#30 Msafiri wa Reli
Bi Mdogo, kwenye dini hilo la kuugulia nyumba moja lina utaratibu wake, Mtume mwenyewe alipougua mwisho aliomba ridhaa ya wakeze wengine akae kwa Bi Aisha. Kwa hiyo ulistahili kuombwa ridhaa.

#31 Bi Mdogo wa Ujiji
Namwambia kila siku.

#32 Dereva wa Kibondo
Mimi sio nyonga bandia, mimi bodaboda ilinivunja paja wakaweka chuma ndani. Walinifunga kwenye meza ile ya kuvuta mguu, katikati ya miguu kuna nguzo imekukaba pale pale panapoumiza mwanaume. Nilipozinduka ganzi ilibaki huko, nagusa sihisi, kama sio yangu. Nililia usiku. Ikarudi yenyewe taratibu baada ya wiki kadhaa, miezi miwili hivi nikawa mzima. Mzee uliza kama na wewe walitumia nguzo.

#33 Mtu wa Mazoezi
#32 mfano wako ni wa kweli, ile nguzo inaweza kugandamiza neva inayopeleka hisia sehemu za siri, na kwa wengi inarudi yenyewe ndani ya wiki au miezi. Ila #1 kovu lake liko nyuma, hao kawaida wanalazwa ubavu, meza ya kuvuta haitumiki. Wanaopasuliwa mbele ndio wakati mwingine inatumika. Mzee, unapogusa unahisi kama kawaida?

#34 MzeeWaGungu
Nahisi. Na alfajiri siku mojamoja jogoo anawika, nikigeuka tu kumwambia mama habari hiyo, kimya.

#35 Nyuki Dume
NIMESEMA MIMI. Woga! Jogoo akiwika alfajiri mitambo ni mizima, mwenye nyumba ndio hayuko sawa.

#36 Daktari wa Kijiwe
Sio rahisi hivyo. Ya alfajiri inaonyesha neva na damu vinafika, nakubali. Lakini "siku mojamoja" kwa mtu mwenye presha miaka mingi inaweza kuwa mishipa imeanza kuziba kidogokidogo tangu kabla ya nyonga, na hakujua kwa sababu maumivu yalikuwa yamemzuia tendo muda mrefu. Mzee kabla ya operesheni mlikuwa mnakutana kama kawaida? Na sukari umepima lini?

#37 MzeeWaGungu
Kabla ya operesheni kwa mwaka mzima hivi ilikuwa kwa nadra sana, nyonga ilikuwa inauma nikigeuka tu. Sukari walipima Dar wakasema iko mpakani.

#38 Daktari wa Kijiwe
Mpakani. Umeona sasa.

#39 Nyuki Dume
Mpakani sio ndani. Huko Kigoma wote mko mpakani 😀

#40 Mama Wawili
Na damu? Operesheni hiyo mtu anapoteza damu. Wengi wanarudi wamepauka, kupanda ngazi wanahema. Damu ikiwa chini hiyo nguvu ya kuwika itoke wapi. Apime wingi wa damu, halafu ale matembele, maini, dagaa wapo tele hapo ziwani.

#41 Fundi Vitanda
Nilikuwa nasubiri mmalize udaktari. Hapa Ujiji nimetengeneza vitanda vya wagonjwa wa nyonga na magoti, kipimo chake ni hiki: mtu akikaa ukingoni mwa godoro, nyayo zote zikanyage chini na goti liwe chini kidogo ya nyonga. Pima ukiwa umekalia, kwa sababu godoro linabonyea. Watu wanainua kitanda kwa tofali, hiyo sio salama, usiku mkitikisika linahama. Mimi nachonga kigogo cha mninga, nakichimba katikati inchi mbili, mguu wa kitanda unazama humo ndani. Vinne. Hata mkitikisika vipi hakihami. Mteja wangu mmoja alirudi akaniambia fundi nimejaribu, hakihami kweli.

#42 Pitapita
Tangazo la biashara limepita kimyakimya

#43 Msafiri wa Reli
Kabla hamjahamia kwenye mbao, mzee ulirudi Kigoma kwa treni au basi? Safari ya Dar mpaka huku miguu imening'inia na nyonga mbichi ni ya kuangalia. Damu inaganda kwenye vigimbi vya miguu. Ukiona mguu mmoja umevimba, unauma nyuma, wa moto, usikandwe wala usiingie kitandani kujaribu mechi, wahi hospitali, kipande kikipanda kwenye mapafu ni kifo. Kila saa unasimama unatembea kwenye behewa.

#44 MzeeWaGungu
Nilikuja kwa treni, kijana wangu alikuwa ananisimamisha. Mguu uko sawa.

Nimempa mama simu asome, kasoma mpaka #27 akanirudishia, akasema "huyu dada ana akili", basi. Hajasema kingine. Ila leo kahamisha mto wake mmoja.

#45 Bi Mdogo wa Ujiji
Mmoja tu? Anaangalia upepo. Usimkimbilie, mwache.

#46 Nyuki Dume
Kanzu safi mzee. KANZU.

#47 Kijana wa Urambo
Mimi naomba kurudi kwa Mtu wa Mazoezi, sisi tuliopasuliwa mbele hiyo ya ubavu inafaa au? Na baiskeli ninaweza kupanda lini, mashamba yangu ya tumbaku yako mbali na pikipiki imeuzwa kwenye matibabu.

#48 Mtu wa Mazoezi
Ubavu unafaa, ukiwa nyuma ya mama usisukume mguu wa operesheni uende nyuma sana, ulete mbele kidogo. Baiskeli ya kawaida kwenye barabara tambarare wengi wanaruhusiwa baada ya miezi mitatu hivi, lakini shida sio kuendesha, shida ni kurusha mguu juu ya siti na kuanguka. Tafuta ya kike isiyo na bomba la juu. Na kwa hizo za kusimama zisizolala, mwambie daktari wako wa selimundu, usiendelee na maji baridi.

#49 Tofali Bichi
Naona watu wote mmemuacha #22 na hoja yake. Mimi siamini lakini tusiidharau, mjomba wangu Nguruka alifunguliwa.

#50 Daktari wa Kijiwe
Alifunguliwa na kuacha gongo wiki mbili alizokaa kwa mganga. Gongo peke yake inalaza mtu.

#51 Tofali Bichi
Hilo nalo linawezekana. Lakini alifunguliwa.

#52 MzeeWaGungu
Kliniki yangu ya presha ni hapa hapa Kigoma wiki ijayo, majina ya dawa nimeyaandika kwenye karatasi, nikishindwa kusema nitampa asome. Tramadoli nitaomba wanipunguzie. Vumbi halipiti kwangu, samahani #3. Fundi Vitanda, hivyo vigogo vinne unafanya bei gani? Kitanda ni cha futi tano kwa sita.

#53 Fundi Vitanda
Mzee njoo na kipimo cha unene wa miguu ya kitanda, bei tutaongea ana kwa ana, humu wengi watakuja na bei ya mwaka jana.

#54 Mchuzi wa Migebuka
Fundi na mimi nitakuja, bibi yangu magoti. Usinicheke.